Kondoo Niliyemteketeza Siku ya Jumamosi

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya nyama pale kwa mpwa wa mke wangu, Karim, Thornton Heath, mliniomba nije niwaonyeshe namna ya kutoa mfupa wa bega bila kuacha nyama juu yake. Ningekuja, lakini mikono yangu haishiki tena kisu. Baridi ya chumba cha barafu, miaka ishirini na tisa, imekaa kwenye vifundo vya vidole na haitaki kuhama. Kwa hiyo nawaandikia. Karim atawasomea wale ambao Kiswahili wanakisikia ila kukisoma kunawashinda. Mkimjibu kwa Kiingereza si neno, hata wajukuu zangu hunijibu hivyohivyo.

Tuanze na kisu. Wengi wanaojikata hujikata kwa kisu butu, kwa sababu kisu butu kinataka nguvu, na mkono uliojaa nguvu ukiteleza hauna breki. Kinoe kila asubuhi kabla ya chai. Bega la kondoo nalo usilikate, lifuate. Kuna utando mweupe umeshika mfupa. Ncha ya kisu ikilala upande wa mfupa, nyama itaachia yenyewe kama soksi. Ukisikia kisu kinakwaruza, uko sawa. Ukiona kimya, ujue unakata nyama ya mteja.

Hayo niliyajua kabla sijaja London. Mimi, Bashir, nilizaliwa Tanga, kwenye familia ya Kihindi ya Kiislamu iliyozungumza Kiswahili hata katika kugombana. Baba alikuwa mwenye bucha. Alipofariki, kaka yangu mkubwa, Anwar, alikuwa ameshafungua bucha Kampala, akatuita mimi na Mama. Tulifanya kazi bega kwa bega miaka kumi na mmoja. Kaka Anwar alikuwa mtu wa maneno. Mteja aliyekuja kununua nusu ratili ya maini aliondoka na ratili mbili za mbavu na kichekesho cha kwenda kumsimulia mkewe.

Kisha ikatoka ile amri ya rais wa Uganda kwamba Wahindi wote tuondoke, tukapewa siku tisini. Mimi na Mama tulifika London. Kaka Anwar hakufika.

Nitawaambia kwa nini, lakini kwanza niwaambie nilivyopata kazi, maana habari hizi mbili zimeshikana.

Tulikaa kwanza kwenye kambi ya jeshi, tukigawiwa mablanketi na makoti yaliyotupwaya. Baadaye tukapata vyumba viwili Kingsbury, juu ya familia moja ya Kigujarati iliyotutangulia kutoka Nairobi. Nikaanza kuzunguka kutafuta bucha. Wakati ule maduka ya nyama ya halali yalikuwa ya kuhesabu, na kila moja lilikuwa na shemeji na binamu wa kutosha. Siku moja, vituo vichache vya basi kutoka kwetu, nikaona kwenye kioo cha bucha karatasi ya kutafuta mtu. Juu ya mlango kulikuwa na maandishi nisiyoyajua. Ilikuwa bucha ya Wayahudi.

Mwenyewe aliitwa Bwana Mendel. Mfupi, ndevu za mvi, aproni hadi miguuni. Nawapa maneno yake kwa Kiswahili, ingawa tulizungumza Kiingereza, chake kibovu kwa namna yake na changu kwa namna yangu.

"Umewahi kufanya kazi ya nyama?"

"Miaka kumi na mmoja. Kampala."

Hakuuliza zaidi. Akanipa bega la kondoo na kisu. Nilipomaliza hakuitazama nyama kabisa. Aliuchukua mfupa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza.

"Nguruwe unakula?"

"Sili."

"Basi tutaelewana. Njoo kesho."

Kazi ya bucha ile ilikuwa tofauti na yetu. Mnyama alichinjwa kwingine na mtu maalumu wa dini yao, lakini dukani ndiko nyama ilikotengenezwa. Tuliiloweka nusu saa, tukaipaka chumvi nene pande zote, tukailaza kwenye ubao uliochongwa mteremko ili damu idondoke saa nzima, kisha tukaiosha mara tatu. Na kulikuwa na kutoa mishipa, na mafuta fulani ya ndani. Mafuta hayo ndiyo yaliyonitia matatani juma la kwanza.

Nilimwona anayatupa kwenye ndoo. Mafuta meupe, safi, magumu kama nta. Nikasema moyoni, mzee huyu hajui kitu. Kwetu tungeyagombania. Basi yeye alipotoka kidogo, nikachukua konzi moja, nikayasaga ndani ya kima, ile nyama ya kusaga. Kima kikapendeza, kikawa kinang'aa. Nikakipanga kwenye sinia nikisubiri sifa.

Bwana Mendel aliporudi alisimama mbele ya sinia, akachota kidogo, akasugua kati ya vidole viwili. Akalibeba sinia lote, akalimwaga.

"Nani kakwambia utie haya?"

"Ni mafuta mazuri, Bwana Mendel."

"Najua ni mazuri. Ndiyo maana si yetu."

Akaketi kwenye kigoda akanieleza. Zamani, Hekalu lao lilipokuwa limesimama, mnyama alipotolewa sadaka, mafuta yale yaliwekwa juu ya moto wa madhabahu. Yalikuwa fungu la Mungu. Mtu hakuyala, na hayali hata sasa.

"Na hiyo madhabahu iko wapi?"

"Ilivunjwa. Karibu miaka elfu mbili."

"Na bado mnamwekea fungu lake?"

"Hatuna pa kuliweka. Tunachoweza ni kutolila."

Niliinamisha kichwa nikaosha mashine ya kusagia. Nilikuwa mtu mzima mwenye miaka thelathini na mbili, na machozi yalinitoka kwa sababu ya ndoo ya mafuta. Nilisingizia maji ya baridi.

Tangu siku hiyo akawa ananifundisha wakati wa chai. Ujanani alisomea mambo ya dini kabla ya maisha kumtupa kwenye nyama, na alifurahi kumpata mtu wa kumweleza ambaye anajua figo iko wapi. Alisema makuhani wao wa kale walikuwa wenzetu, mafundi wa nyama. Kulikuwa na sadaka za namna nyingi. Nyingine zilikuwa za shukrani na amani. Sehemu iliteketezwa, sehemu akapewa kuhani, na iliyobaki mwenyewe akala na jamaa zake. Hiyo niliielewa upesi, kwa kuwa hata sisi tukichinja Idi tunakula, tunagawia jirani na maskini.

"Lakini ipo moja," alisema, "ambayo haliwi hata pande. Mnyama anachunwa, ngozi anapewa kuhani. Anakatwa vipande, matumbo na miguu vinaoshwa kwa maji. Kisha vyote juu ya moto, mpaka majivu."

"Israfu hiyo, kupoteza mali," nikasema.

Akacheka. "Kwa bucha, ndiyo. Jina lake kwa Kiebrania maana yake ni kinachopanda. Chote kinapanda juu. Mtoaji harudi nyumbani na kitu."

"Sasa anapata nini?"

"Hapo ndipo penyewe. Katika zile nyingine una fungu lako. Katika hii huna. Ni kitu kimoja unachokifanya bila kutazama mkono wako utarudi na nini." Akafikiri. "Na tajiri huleta ng'ombe dume, maskini huleta njiwa. Maandiko yanasema harufu ya wote wawili inampendeza Mungu sawasawa. Umewahi kusikia manyoya ya njiwa yakiungua? Yananuka vibaya sana. Lakini sawasawa."

Niliyapenda maneno hayo. Ila mtu akiwa na kidonda, hata dawa nzuri anaweza kujipaka pasipostahili. Ndivyo nilivyofanya.

Sasa habari ya kaka yangu.

Zilipokaribia siku zetu za kuondoka, bucha ilikuwa imeshafungwa na masanduku tayari. Mchana mmoja nikakumbuka kwamba visu vya marehemu Baba vimebaki dukani, kwenye droo ya chini. Barabarani kulikuwa na askari kila kona, na niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa. Kaka Anwar alijua Kiganda vizuri kuliko mimi na alizoea kuwachekesha askari. Nikamwambia, "Kaka, wewe hawakusumbui. Nenda mara moja utuletee visu vya Baba." Akasema visu vinapatikana popote duniani. Nikashikilia. Akaniita mtoto wa mwisho asiyekua, akatoka.

Hakurudi. Tuliuliza hospitali, tuliuliza kituo cha polisi ambako hata kuuliza kulikuwa hatari. Siku ya ndege ilipofika, Mama hakutaka kupanda. Nilimpandisha kwa kumshika kiuno. Na alipoeleza watu, alieleza nilivyomwambia mimi: kwamba Anwar alitoka mwenyewe kwenda kuwaaga wafanyakazi wa dukani.

Kingsbury watu walikuja kutupa pole hata baada ya miezi mingi, kwa sababu kila mara mtu mwingine tuliyemjua alipata habari zetu. Mzee Jamal, rafiki wa marehemu Baba, alitaka tufanye hitima, tumsomee marehemu. Mama akamjibu kwa sauti ya upole sana:

"Hitima ya nani, Jamal? Mmemzika wapi?"

Yule mzee akatafuta maneno ya faraja. Akasema, "Bibi yangu, Anwar ndiye kafara yenu. Mungu kamchukua mmoja, kawavusha wengine salama."

Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mama aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba la maji akaliacha linamwagika. Mimi nilibaki nimekaa na kikombe mkononi. Nilijiambia: kama Anwar ni kafara, basi aliyemtoa ni mimi. Yeye kapanda moshi, mimi nimepata London, kazi na kitanda.

Wazo hilo lilinitafuna majira yote ya baridi. Nikaanza kuona kwamba nami lazima nitoe kitu ambacho sina fungu ndani yake. Nikakumbuka sadaka ya Bwana Mendel. Siwaambii kwamba nilikuwa na akili timamu. Nawaambia nilichofanya.

Jumamosi ni siku yao ya mapumziko, na bucha hufungwa. Nilikuwa na ufunguo wa uani. Nikamnunua kondoo mzima, aliyekwisha chinjwa na kuchunwa, kwenye bucha moja karibu na Edgware Road, nikampakia kwenye gari la kuazima. Nyuma ya bucha yetu kulikuwa na pipa la chuma na makreti ya mbao. Nikapanga mbao, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha, nikamtia kondoo.

Ninyi hamjawahi kujaribu kumteketeza mnyama mzima, na Mungu awaepushe. Nyama haiungui kama mnavyodhani. Imejaa maji. Nje iliwiva, ikanukia kama harusi, ndani ikabaki mbichi. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka hadi usawa wa dirisha, kisha ukafifia ukaacha moshi mzito mweusi. Ndipo nilipoelewa kwa nini makuhani walikata vipande, wakapanga kuni kwa utaratibu, na moto wao haukuachwa uzime. Ile ilikuwa kazi yenye ufundi, na mimi fundi wa nyama nilikuwa nimeifanya kama mlevi. Jirani, Mwingereza, alichomoza kichwa juu ya ukuta akaniuliza kwa adabu kama tuna sherehe.

Bwana Mendel alikuwa akikaa ghorofani juu ya bucha. Alikuwa akirudi kutoka kusali, amevaa suti na kofia yake nyeusi, akaona moshi. Akafungua mlango wa uani. Akanitazama mimi, akalitazama pipa, akautazama mguu wa kondoo uliotokeza nje.

"Bashir. Leo Sabato."

"Najua."

"Siruhusiwi kuzima moto leo, maadamu hautishi maisha ya mtu. Wala siwezi kukuambia uuzime." Akapangusa kreti kwa kiganja, akakaa. "Basi tutakaa hapa mpaka ufe wenyewe. Nieleze."

Nikamweleza yote. Visu, askari, uongo niliomwambia Mama, maneno ya Mzee Jamal. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa kinywani. Alisikiliza bila kunikatiza, moshi ukimjia usoni.

Nilipomaliza akauliza, "Huyu kondoo, uliweka mkono juu ya kichwa chake?"

"Hakuwa na kichwa. Waliniuzia bila kichwa."

Mdomo wake ukatetemeka. Sijui alikuwa anakaribia kucheka au kulia, nami vilevile. Kisha uso wake ukabadilika.

"Nisikilize, maana nilikufundisha nusu, na kosa ni langu. Mtoaji huja kwa hiari yake. Huleta mnyama aliye wake, si wa wizi, si wa kunyang'anywa. Huweka mkono wake kichwani, mbele za watu, aseme kwa kitendo kwamba huyu ni wangu na mimi ndiye ninayemtoa. Bila hayo hakuna sadaka. Kuna mauaji tu. Kaka yako hukumtoa wewe. Hakuna aliyemtoa. Waliomchukua ni wanyang'anyi. Mtu aliyenyang'anywa hajatoa sadaka, Bashir. Kanyang'anywa."

"Nilimtuma mimi."

"Ulimtuma kuchukua visu. Hukumtuma kufa."

Akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema dukani. Alikuwa na dada, Rivka, aliyebaki Ulaya yeye alipokimbilia huku kabla ya vita. Waliuawa, yeye na watoto wake wawili, pamoja na mamilioni ya Wayahudi wenzao.

"Baadaye watu wakatafuta jina la yaliyotupata. Wakachukua neno la Kigiriki ambalo maana yake ni sadaka hii hii, iliyoteketezwa nzima. Wengi wetu wamelizoea. Mimi silitamki. Dada yangu hakuwa sadaka ya mtu yeyote. Mungu wangu hakuomba apewe Rivka."

Moto ulikuwa umebaki makaa. Kisha akasimama, akajipangusa majivu kwenye suti yake ya Sabato.

"Na tena, sadaka hiyo haifuti uongo. Katika dini yangu, aliyemkosea mtu humwendea mtu yule kwanza, akamwambia. Mungu hatapokea kitu mkononi mwako ambacho unadaiwa na mama yako. Nenda nyumbani. Pipa nitaliona kesho."

Nilikwenda kwa miguu, njia yote hadi Kingsbury, nikinuka moshi na mafuta. Watu walinipisha barabarani. Mama alikuwa amekaa kitandani anachambua mchele kwenye sinia. Aliinua uso, akanusa, akarudi kwenye mchele.

Nikakaa sakafuni. "Mama, Anwar hakutoka kwenda kuaga watu. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimtuma visu vya Baba."

Mkono wake uliendelea kuchambua mchele, punje mbili, tatu. Kisha ukasimama.

"Najua," akasema. "Nilikuwa chumba cha pili. Niliwasikia."

"Ulijua? Muda wote huu? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeondoka. Nakujua. Usingeweza kuniangalia usoni, ungehamia mji mwingine. Nilikuwa nimebaki na mmoja, Bashir."

Nikauweka uso wangu kwenye magoti yake, mchele ukamwagika. Hakunibembeleza, wala hakunisukuma. Baada ya muda nikasikia sauti yake, nyembamba, kama ya mtu anayeomba kitu asicho na haki nacho.

"Mimi nilisikia tu. Sikumwona. Alivaa shati gani?"

Mwaka mmoja na nusu alikuwa amekaa na swali hilo, na mtu pekee mwenye jibu alikuwa anakula naye kila jioni akimdanganya.

"La buluu, Mama. La mikono mifupi. Ulilolishonea kifungo."

"Lile," akasema. "Aligeuka nyuma?"

"Aligeuka pale getini. Akanitolea ulimi."

Hapo Mama akalia. Tangu Kampala hakuwa amelia mbele yangu. Alilia hadi jua likaondoka kwenye kile kidirisha chetu, na nilipotaka kusimama kumletea maji alinishika ukosi. Kisha akasema, "Kamwite Jamal. Tumsomee mwanangu."

Tulisoma hitima Alhamisi ile. Vyumba vilijaa hadi ngazini. Bwana Mendel alikuja, akavua viatu kama wengine, akakaa karibu na mlango na kofia yake. Chakula chetu hakuweza kukila, akanywa maji. Mzee Jamal alipoanza tena habari ya kafara, Mama alimkata kauli mbele ya watu wote: "Hapana, Jamal. Mwanangu kauawa. Mwombee hivyo." Yule mzee akainamisha kichwa, akamwombea hivyo.

Nilifanya kazi kwa Bwana Mendel hadi mwisho wake, kisha kwenye maduka mengine. Nimeona misumeno ya umeme ikichukua nafasi ya mikono, nimeona nyama ikifungwa kwenye plastiki isiyonukia kitu. Karim atawafundisha mashine hizo vizuri kuliko mimi. Mimi nilitaka mjue tu kwamba mnyama aliye mbele yenu mezani watu waliwahi kumfikiria sana, nini chake ni chetu na nini si chetu, na kwamba binadamu hahesabiwi humo.

Kaka Anwar hajapatikana hadi leo. Mama aliishi miaka kumi na minne baada ya hitima ile. Mara kwa mara, tukiwa tunakula, aliweka kijiko chini akaniuliza jambo jingine dogo la mchana ule, kama mvua ilikuwa inanyesha, kama Kaka alitembea upesi au polepole. Nami nilimjibu kila mara.